Tangi la Bahari Linapohamia Nairobi

Swali la kwanza ninaloulizwa na mtu anayetaka kuhama na tangi lake la samaki wa baharini huwa ni lilelile: "Fundi, haya maji yote tutayabeba vipi?" Nami humwambia maji yasimkoseshe usingizi. Anayetoka Nyali kwenda Mtwapa atachota mengine, na anayekwenda bara atayachanganya huko huko. Kitu ambacho hakiuzwi dukani wala hakichotwi ufukweni kwa siku moja ni uhai ulioshika kwenye mawe ya tangi. Huo mimi huubeba kwa uangalifu kuliko hata kioo chenyewe.

Kazi yangu ni kutunza matangi ya maji ya chumvi, majumbani na hotelini, Mombasa na vitongoji vyake. Kuhamisha tangi si kazi ya kila wiki, lakini ndiyo inayopoteza samaki wengi ikifanywa kwa pupa, na mara nyingi hupotea baada ya watu kudhani mambo yamekwisha salama. Nitaieleza kwa kulifuata tangi moja nililolitoa Nyali na kulipeleka Lang'ata, kwa sababu safari ya kutoka pwani kwenda Nairobi ina karibu kila kitu kinachoweza kumtatiza mwenye tangi: umbali, baridi, na mwinuko wa nchi.

Mwenye tangi ni mwalimu mstaafu. Mumewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyelijenga na kulitunza. Watoto walipomwita mama yao akaishi nao Nairobi, walimshauri samaki awagawe, au awarudishe tu baharini, kwani bahari si ipo hapo nyuma ya nyumba? Aliniita, akanikaribisha chai, akanielekeza kwa kidole kitatange mkubwa mwenye mistari ya manjano na buluu. "Mwanangu," akasema, "huyu amekaa humu kabla mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa, na mjukuu sasa yuko kidato cha pili. Nimwache na nani?"

Nilimwambia, "Mwalimu, tutakwenda naye."

Kuhusu kuwarudisha baharini, nilizungumza na mwanawe kwenye simu nikamweleza kwa nini sikubali. Samaki aliyekaa tangini miaka amechanganyika na wenzake kutoka kila pembe ya dunia, na anaweza kubeba ugonjwa ambao miamba yetu haiujui. Tena si kila samaki wa dukani ni wa bahari yetu. Waulizwe watu wa Florida. Samaki simba, yule mwenye miiba mirefu ya sumu, ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, lakini mwaka 1985 mmoja alionekana katika maji ya Florida, upande wa Atlantiki ambako hakuwahi kuwapo. Inaaminika kwamba watu waliwaachia kutoka kwenye matangi. Leo wameenea Karibiani nzima, wanameza samaki wadogo wa kule ambao hawakuumbwa wakijua kumwogopa adui huyo. Na bahari ya Nyali, kwa sehemu kubwa, ni hifadhi ya taifa tangu 1986. Si mahali pa kumwaga kilichotushinda nyumbani.

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapo ndipo watu hupata mshtuko. Tangi la mwalimu lina urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Hiyo ni karibu lita 650. Lita ya maji ya bahari huzidi kilo moja kidogo kwa sababu ya chumvi, kwa hiyo maji peke yake ni zaidi ya kilo 650. Kioo cha milimita 12 kwa ukubwa huo kina kama kilo 120. Ongeza mawe, mchanga, meza ya chuma, tangi la chini la kuchujia, unakaribia tani moja iliyosimama kwenye eneo dogo kuliko kitanda. Ndiyo maana nilitangulia Nairobi kuitazama sebule kabla ya kugusa chochote Nyali. Nilitaka sakafu ya zege ya chini kabisa, karibu na ukuta unaobeba nyumba, mbali na dirisha la jua la jioni, na yenye soketi zilizo juu kuliko maji yanakoweza kudondoka. Meza tukaiweka na kuipima kwa pimamaji pande zote nne. Kona moja ilikuwa chini kwa unene wa sarafu. Tukaweka kipande cha bati chini ya mguu wa meza, kamwe si chini ya kioo, kwa sababu kioo kilichokaa upande husukumwa na maji upande huo mmoja usiku na mchana, mpaka silikoni inachoka.

Katika sebule hiyo hiyo ndipo nilipoacha mapipa na kuanza kutengeneza bahari. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na karibu kilomita 480 kutoka Mombasa kwa barabara. Kubeba lita 650 kwa madumu kunawezekana, lakini ni ghali, na maji ya pwani nayo yana msimu wake. Wakati wa kaskazi bahari imetulia na maji ni maangavu; kusi ikivuma na mvua za masika zikishuka, mito na vijito huleta tope, na mimi huchota maji yanapojaa tu, tena mbali na mkono wa bahari. Kwa mwalimu nilibeba madumu machache ya maji ya tangi lenyewe, ya samaki na mawe kusafiria, na mengine tukayatengeneza kwa chumvi maalumu ya matangi. Gramu 35 hivi kwa lita, maana yake kilo 22 au 23 kwa tangi zima. Chumvi ya mezani haifai kabisa. Bahari ina magnesi, kalsi, potasi na vingine vingi ambavyo matumbawe hujengea mifupa yao. Maji ya bomba nayo yana klorini, na visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, kwa hiyo tulitumia maji yaliyopitishwa kwenye mashine ya kuchuja hadi yakabaki matupu. Yakakaa siku nzima yakizungushwa na pampu huku hita ikiyapasha moto.

Watu husikitika wanaposikia kwamba samaki wao wataishi katika maji ya kuchanganya. Jambo hilo ni la zamani. Nyumba ya samaki ya bustani ya wanyama ya London ilifunguliwa mwaka 1853, na mwaka uliofuata mwanasayansi Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kuhusu matangi. Yeye alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kueleza namna ya kuunda maji ya bahari kwa chumvi na maji matamu, ili anayekaa mbali na pwani naye aweze kufuga. Wako pia waliochagua njia ngumu. Shedd Aquarium ya Chicago, mji ulio katikati ya bara, ilipofunguliwa mwaka 1930 ililetewa maji halisi ya bahari kwa mabehewa ya treni kutoka Key West, Florida, galoni milioni moja za Kimarekani. Nilipomweleza mwalimu habari hiyo alicheka sana, akasema basi letu ni dogo.

Mawe sasa. Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa kupitia matamvua yake. Baharini hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Tangini ingemuua mwenyewe ndani ya siku chache kama si bakteria. Kundi moja hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hao hawaelei sana majini. Wameng'ang'ania juu ya vitu: kwenye vitundu vya mawe, kwenye punje za mchanga, kwenye sponji za kichujio. Mawe ndiyo figo za tangi. Ukiyatupa kwenye lori yakakauka juani kutoka Mazeras mpaka Voi, huna figo tena unapofika, na vilivyokufa juu yake, bakteria, minyoo, sponji, vitaanza kuoza na kutoa amonia yao wenyewe juu ya ile ya samaki. Mtu ameweka maji mapya, safi, mazuri kwa macho, halafu siku ya tatu samaki wanahema juu juu karibu na uso wa maji. Anasema maji ya Nairobi ni mabaya. Maji hayana kosa.

Bakteria hao huhitaji oksijeni kama sisi. Jiwe lililozamishwa kwenye pipa lililofungwa, maji yamesimama, hukosa hewa kwa saa chache. Kwa hiyo mawe yote ya mwalimu yalisafiri ndani ya mapipa ya plastiki, yamezama, na kila pipa likiwa na pampu ya hewa ya betri inayopuliza mapovu njia nzima. Sponji za kichujio nazo hivyo hivyo. Nimekutana na vichujio vya mkebe vilivyofungwa vikiwa na maji na kuachwa saa kumi. Ukivifungua harufu inakujulisha kilichotokea ndani.

Mchanga ni habari nyingine, na hapa mafundi hatukubaliani sote. Mimi huutupa mchanga wa zamani, isipokuwa vikombe vichache vya juu. Chini ya mchanga uliokaa miaka kuna uchafu uliozama na tabaka jeusi lisilo na oksijeni, ambamo hutengenezwa gesi yenye harufu ya yai viza. Ukiuacha bila kuuvuruga hauna shida. Ukiutia ndoo, ukautikisa kilomita 480, ukaumimina kwenye tangi jipya, umeachia vyote kwa mpigo mmoja. Wapo wanaouosha mpaka maji yatoke meupe, na ni sawa kwa safari fupi. Lakini kama mchanga mpya upo, sioni sababu ya kucheza na ule wa zamani.

Siku ya kazi ina utaratibu ambao siuvunji. Hita huzimwa kwanza na kuachwa ipoe, kwa kuwa hita ya moto ikiachwa wazi maji yakishuka hupasuka. Kisha tunanyonya maji ya juu, yangali maangavu, tunayajaza madumu na vyombo vya kusafiria. Baada ya hapo hutoka matumbawe, kila moja kwenye ndoo au mfuko wake. Matumbawe laini hutoa ute yakisumbuliwa, na mengine yana sumu kwa jirani zao. Jongoo bahari husafiri peke yake daima. Akitishika hutapika matumbo na sumu yake, na ndoo nzima hufa. Halafu mawe. Samaki huwa wa mwisho, maji yakiwa yamebaki kimo cha kiganja na hakuna tena pango la kujificha. Nimeona watu wakikimbizana na samaki kwa wavu katikati ya mawe saa nzima. Mawe yanaporomoka, samaki anachubuka magamba, kila mtu anachoka. Ondoa nyumba yake kwanza, naye atakaa mbele yako.

Isipokuwa kikande. Kikande ana mwiba mgongoni ambao akiuinua haulali kwa kusukumwa. Hujipenyeza kwenye tundu la jiwe, akaufunga mwiba wake hapo, na mtu asiyejua hulitoa jiwe majini na samaki yumo. Kwa hiyo kila jiwe tuliligeuza juu ya beseni la maji na kulitazama tundu kwa tundu. Kwenye jiwe la tatu mkia mdogo ulionekana ukitikisika ndani kabisa. Humvuti. Tuliliweka jiwe lote ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa cheusi tukaenda kufanya mengine, na tuliporudi alikuwa ametoka mwenyewe.

Kila samaki ana adabu yake ya kukamatwa. Kangaja, yule wa buluu mwenye uso mweusi, ana kisu pande zote mbili za shina la mkia. Kwenye wavu hunasa, akipapatika anajikata na kuukata wavu, na kwenye mfuko mwembamba hutoboa. Huyo humchota kwa jagi kubwa la plastiki, akiwa ndani ya maji muda wote. Bunju naye usimtoe hewani hata kidogo. Akiogopa humeza maji akavimba, na hayo huyatema baadaye. Lakini akimeza hewa, mara nyingi hushindwa kuitoa, huelea juu akihangaika na anaweza kufa. Anemoni nayo hushika jiwe kwa mguu wake. Mguu ukichanika, kupona ni bahati. Kama jiwe lake ni dogo, beba jiwe pamoja nayo. La mwalimu lilikuwa kubwa, kwa hiyo nilikaa nikiusukuma ukingo wa mguu kwa ukucha, polepole, upande mmoja kwa mwingine, mpaka ukaachia wenyewe. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kuubeba ubao wa meza ya chakula na kabati la vyombo pamoja, na mahamali walikuwa wamekaa ngazini wakinitazama bila neno.

Kitatange wa mwalimu aliingia peke yake kwenye chombo kikubwa chenye kifuniko na pampu ya hewa. Samaki wadogo tuliwaweka kwenye mifuko mizito ninayopewa na watu wanaosafirisha samaki nje, mifuko miwili kwa kila mmoja, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni kutoka mtungi. Hawakuwa wamelishwa tangu siku mbili kabla. Mwalimu aliona huruma sana kwa hilo, na si yeye tu. Karibu kila mwenye tangi hutaka kuwapa chakula cha kuwaaga. Samaki mzima hustahimili njaa ya siku mbili, hata zaidi ya hapo. Ila akisafiri na tumbo limejaa, atachafua maji ya mfuko wake, na hayo ndiyo atakayoyapumua.

Kuna jambo moja la mifuko ambalo mtu wa Mombasa hana sababu ya kulijua mpaka apande bara. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa ya nje inavyopungua nguvu, na hewa iliyo ndani ya mfuko inatanuka. Kutoka Nyali mpaka Nairobi hutanuka kwa karibu sehemu moja ya tano. Mfuko uliofungwa Mombasa ukiwa umekaza kama ngoma, ukifika Sultan Hamud umetuna vibaya, na mshono wake uko hatarini. Kwa hiyo tulifunga mifuko ikiwa imelegea kidogo, inayobonyea kwa kidole. Tukaipanga kwenye maboksi meupe ya kuhifadhia samaki wa barafu, ambayo huzuia joto na baridi, tukafunika. Gizani samaki hutulia, na akitulia hutumia oksijeni kidogo.

Kioo kilibebwa kitupu kabisa. Hili nalisisitiza kwa sababu kila mara kuna mtu anayependekeza tuache mchanga na maji kidogo chini ili kupunguza kazi. Tangi likiinuliwa likiwa na uzito ndani, kioo cha chini hujipinda, na mishono ya silikoni huvutwa upande ambao haikutengenezwa kuvutwa. Linaweza lisivuje siku hiyo. Tulikuwa watu sita, mikono chini ya kioo cha chini wala si kwenye ukingo wa juu. Ndani ya kanta likakaa kwa kitako chake juu ya bamba la povu gumu, magodoro ya nyumba yakilizunguka pande zote, na mikanda miwili ikilishika bila kulibana.

Tuliondoka baada ya isha. Tangi na vyombo kwenye kanta, viumbe kwenye gari dogo lenye kiyoyozi, nikiwa ndani yake. Usiku ni baridi na msongamano wa Mariakani ni nafuu. Voi tulisimama kukagua betri za pampu, Mtito Andei tena. Nilifungua boksi moja moja kwa tochi yenye mwanga mwekundu, nikitazama matamvua tu: yanapiga kwa mwendo wa kawaida, au yanakimbia? Yakikimbia, kuna tatizo la hewa, na oksijeni ya akiba iko pembeni. Usiku ule hayakukimbia.

Kufika kuna mtego wake. Desturi iliyozoeleka ni kuuacha mfuko uelee juu ya maji ya tangi, kuufungua, na kuongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima. Kwa samaki aliyetoka dukani dakika ishirini zilizopita, ni vizuri. Kwa aliyefungwa saa kumi, ni hatari. Ndani ya mfuko samaki alikuwa akitoa amonia na hewa ukaa kwa pamoja. Hewa ukaa huyafanya maji kuwa machachu, na katika maji machachu sehemu kubwa ya amonia hubaki katika umbo lisilo na madhara makubwa. Ukifungua mfuko, hewa ukaa inatoroka, uchachu unapungua, na amonia ile ile iliyokuwa imelala inageuka sumu kali huku samaki bado yumo. Ndiyo maana mimi husawazisha kabla. Maji yanayomsubiri Nairobi huyapimia chumvi mpaka yalingane na ya Nyali, mifuko ikielea ikiwa bado imefungwa ili joto lilingane, halafu hufungua na kumtoa samaki mara moja kwa jagi. Maji ya mfuko humwagwa, hayaingii tangini. Kamba na kaa pekee huwapa muda zaidi, kwa mpira wa dripu unaodondosha tone moja moja, kwa sababu tofauti ndogo ya chumvi huwaumiza.

Samaki wa mwalimu hawakuingia moja kwa moja kwenye tangi lao. Waliingia kwenye mapipa makubwa sebuleni, pamoja na sehemu ya mawe, pampu na hita, wakakaa humo siku mbili. Muda huo tangi lilijazwa maji matupu na kuachwa, mimi nikipitisha karatasi kavu kwenye kila mshono asubuhi na jioni. Wanawe mwalimu waliona nazidisha. Nikawakumbusha kwamba tarehe 16 Desemba 2022 alfajiri, tangi la AquaDom lililosimama ndani ya hoteli mjini Berlin lilipasuka, lita milioni moja za maji zikafurika hadi barabarani, na karibu samaki wote 1,500 waliokuwamo wakafa. Lile lilikuwa jengo la wataalamu. La kwetu lina lita 650 na wajukuu wanacheza mbele yake. Siku mbili za kungoja si nyingi.

Mombasa, adui wa tangi ni joto. Machi maji hupanda mpaka unaweka feni juu yake. Lang'ata mwezi wa Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 12, na feni zile zilibaki kwenye boksi. Tuliweka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, kwa sababu hita zina tabia ya kukwama zikiwa zinawaka, na ile ndogo ikikwama haitaweza kuwapika samaki. Mwinuko nao una deni lake. Maji ya Nairobi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko maji ya joto lile lile Mombasa. Samaki hulizoea hilo, mradi uso wa maji uvurugwe vizuri usiku na mchana. Niliongeza pampu moja inayosukuma maji kuelekea juu, na nikamshauri mwalimu asiongeze samaki wengine.

Wiki ya kwanza nilipima amonia kila siku. Ilionekana kidogo siku ya pili, tukabadilisha sehemu ya maji, na baada ya hapo haikurudi. Mawe yalikuwa hai. Matumbawe tuliyawashia taa saa chache tu kwa siku na kuziongeza taratibu. Utando wa kahawia ulitanda juu ya mchanga mpya, kama unavyotanda karibu kila mara, mwalimu akapiga simu kwa wasiwasi, nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, usiusugue, utaondoka wenyewe." Kitatange aligoma kula. Baharini samaki hawa hula sponji na mwani, si chembe za mkebe, kwa hiyo nilimfungia karatasi ya mwani mkavu kwenye jiwe alilolizoea tangu Nyali. Alilizunguka muda mrefu kabla ya kudonoa.

Kazi ya kila siku imekabidhiwa yule mjukuu wa kidato cha pili. Hewa ya Nairobi ni kavu kuliko ya pwani, na maji hupungua haraka. Nilimchorea mstari kwenye kioo cha tangi la chini na kumweleza kwamba kinachopaa ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo maji yakishuka chini ya mstari anaongeza matamu yaliyochujwa, hata siku moja asiongeze ya chumvi. Ya chumvi ni kwa siku ya kubadilisha maji tu. Na pampu ya hewa ya betri iko nyuma ya meza, imechomekwa, ina swichi inayoiwasha yenyewe umeme ukikatika. Betri zake anazijaribu kila Jumamosi.